Je, Wajua? Usiku wa Tisa Bila Ndagala

Ndagala ni paka wangu, dume wa miezi saba. Alipakiwa pikipiki kule Baraka ndani ya kikapu cha samaki wakavu, akapita Lulimba, akafika hapa Salamabila, jimboni Maniema, akinuka ziwa zima la Tanganyika. Jina likapatikana hapohapo, kwa kuwa ndagala ndiyo dagaa kwa ndugu zetu wa Tanzania. Usiku wa Jumanne ya juma lililopita mvua ilipiga manjanja mpaka hatukusikizana ndani ya nyumba. Kulipokucha hakuwapo. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, nimetembea. Safu ya leo ni yake, na ya kila nyumba ambayo sahani ya paka imelala na chakula.

Je, wajua kwamba paka aliyepotea kwa kawaida yuko karibu kuliko hofu inavyokuambia? Mwaka 2018 watafiti wa Australia na Marekani walichapisha habari walizokusanya za paka 1,210 waliopotea. Kati ya kila paka 4 waliopatikana, 3 walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipotokea. Mita 500 ni mwendo wa mtoto anayetumwa chumvi. Mimi siku ya kwanza nilikimbilia barabara kuu, nikauliza madereva wa pikipiki waliokuwa wanaondoka. Kumbe ningeanza chini ya kitanda cha jirani.

Je, wajua siku zipi zina uzito? Katika hesabu hiyohiyo, paka 34 katika kila 100 walipatikana wakiwa hai ndani ya siku 7, na hadi mwaka mmoja kuisha walikuwa wamefika 61. Baada ya siku 90 waliopatikana ni wachache mno. Na kati ya njia zote walizotumia wenye paka, kutafuta kwa miguu, kwa kuinama na kuchungulia, ndiko kulikoambatana na kupatikana kwa paka akiwa hai. Kwa hiyo mtu anayekwambia ukae tu, paka hurudi mwenyewe, anakupa nusu ya ukweli. Nusu hiyo ipo: nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya paka waliopatikana, 59 katika kila 100 walirudi kwa miguu yao. Wengi wa waliobaki walipatikana kwa kutafutwa.

Je, wajua paka wa nyumbani hutembea kiasi gani hata asipopotea? Paka 925 wa nchi 6 walivishwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao, matokeo yakatolewa mwaka 2020. Wengi hawakuvuka mita 100 kutoka nyumbani. Sisi tunamwona akitokomea kwenye majani tukadhani amefika Kabambare. Naye yuko nyuma ya jiko la mama wa nyumba ya tatu.

Je, wajua kwamba anakusikia unapomwita, hata asipojibu? Hili ndilo lililonishika kuliko yote. Mwaka 2013 mtafiti wa Kijapani Atsuko Saito na mwenzake waliwasikilizisha paka 20 sauti za watu wasiowajua, kisha sauti ya mwenye paka. Paka waliitambua sauti ya bwana wao. Masikio yaligeuka, kichwa kikasogea. Kuinuka na kuja, karibu hakuna. Mwaka 2019 Saito alirudi na jambo la pili: paka hulitofautisha jina lao na maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu na lafudhi.

Sasa mchukue paka huyo, mweke mahali pageni, mnyeshee mvua, mpigie radi. Atajibana kwenye ufa na kunyamaza kabisa, kwa sababu kwa mnyama mdogo kulia ni kujitangaza kwa anayemwinda. Usiku wa tatu nilisimama nyuma ya choo chetu nikiita mpaka sauti ikakauka, nikaondoka nimekata tamaa kwa sababu hakulia. Ningejua, nisingeondoka. Ningechuchumaa palepale, nikaita polepole, nikanyamaza robo saa, nikasikiliza majani.

Je, wajua sikio lake lilivyo? Mtu mwenye masikio mazima husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde. Paka hupita 60,000. Ndiyo maana husikia mlio mwembamba wa panya ambao sisi hatujui kama upo. Kijiko kinachogonga bati kinamfikia mbali, na kama ndicho anacholishiwa kila jioni, anakijua kama mtoto wa shule anavyoijua kengele.

Je, wajua usiku ni rafiki wa anayetafuta? Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, kama kioo. Ukiweka toshi usawa wa macho yako mwenyewe, si kiunoni, ukalipeleka taratibu chini ya magari, chini ya ghala, kwenye marundo ya matofali, macho yake yatakujibu hata kama mdomo umefungwa. Usiku wa tano, kwenye tanuru la matofali lililopoa la jirani, macho mawili yaliwaka. Nililala kifudifudi kwenye vumbi la makaa, mkono wangu ndani mpaka begani, ndagala tatu kiganjani. Alikuwa mwana-mbuzi aliyekimbia mvua. Macho ya mbuzi nayo yana utando huo. Nilimtoa, nikampeleka kwao, mama mwenye mbuzi akaniombea dua mlangoni, na kesho yake watoto wake watatu wakaingia kazini pamoja nami.

Alfajiri na magharibi ndizo saa za paka kutembea. Adhuhuri, jua likiwa kichwani, amelala. Ukimtafuta saa hiyo tafuta kivuli, si nyayo.

Je, wajua kwa nini paka mchanga hupanda mwembe kwa dakika moja akashindwa kushuka siku nzima? Kucha zake zimepinda kuelekea nyuma. Zinamshika akipanda, lakini akigeuza kichwa chini hazimshiki tena. Njia ni kushuka kinyumenyume, mkia mbele, na wengi wachanga hawajajifunza. Usitikise mti. Weka ngazi au gogo lenye magome, lililoegemezwa kwa mshazari, kisha jitenge.

Na shimoni? Hapa kwetu swali hili si dogo. Ardhi ya Salamabila ni ardhi ya dhahabu. Jina la mgodi wa Namoya, kando yetu tu, linajulikana hadi Kanada, kwa kuwa kampuni ya Banro ilitoka huko, na shughuli zake hapa zilisimama mwaka 2019. Lakini muda mrefu kabla ya mitambo, na hata baada yake, wachimbaji wa mikono wameitoboa ardhi hii, na shimo likiisha dhahabu huachwa wazi, majani yakafunika mdomo. Mtoto wa paka anayemfukuza panzi hajui hayo. Ukimsikia chini, usimtume mtoto wa mtu. Kingo za mashimo hayo hulainika mvua ikinyesha, na zimekwisha kumeza watu wazima. Teremsha ubao mrefu au mti uliozungushiwa kitenge cha zamani au gunia, kucha zipate pa kushika, uache umesimama usiku kucha. Akiweza kusimama, ataupanda.

Je, wajua paka waliwahi kuwaonya binadamu kuhusu zebaki, na binadamu hawakusikia? Dhahabu ya mikono katika nchi nyingi hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki hufukuzwa kwa moto, moshi ukaenda angani na mabaki yakaingia mtoni. Huko Minamata, mji wa wavuvi nchini Japani, katika miaka ya 1950 paka walianza kutetemeka, kuzunguka kama wanaocheza ngoma, wengine wakajitupa baharini. Watu waliuita ugonjwa wa paka wanaocheza. Paka hawa walikuwa wanakula samaki wa ghuba ambayo kiwanda cha Chisso kilimwagia maji yake machafu yenye zebaki. Tarehe 1 Mei 1956 ndipo ugonjwa ulipotangazwa rasmi kwa binadamu. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka mmoja maji yale. Paka huyo katika daftari lake alikuwa nambari 400. Akapata degedege zilezile. Kampuni ikayaficha matokeo, na maji yakaendelea kutiririka kwa miaka. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unaitwa kwa jina la mji huo. Kila nikiona paka wa kando ya maji ya kuoshea mchanga anayumba, au anatetemeka akila, nafsi yangu haitulii. Mwenye paka kama huyo asikimbilie kusema amerogwa. Aangalie samaki wanatoka maji gani, na watoto wake wanakula wapi.

Je, wajua kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka? Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Vivyo hivyo na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin: mbwa huivumilia, paka hutetemeka na kufa. Watu wema kabisa wamewaua paka wao kwa kuwatibu.

Sumu ya panya ni hatari ya namna nyingine. Paka hahitaji kuila yeye. Panya aliyeila akipepesuka uwanjani ndiye windo rahisi kuliko yote. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, na dalili huja baada ya siku kadhaa: ufizi kupauka, damu puani, kuhema kwa taabu. Dawa yake ipo, ni vitamini K1, nayo hutaka daktari wa mifugo mapema. Kwa hiyo ukitafuta paka, uliza pia nani wa jirani ametega sumu juma hili. Uliza kwa upole. Panya hula muhogo wa watu, na aliyetega hakumlenga mtoto wako wa paka.

Je, wajua paka hajui utamu wa sukari? Wanasayansi walieleza mwaka 2005 kwamba jeni moja ya kuonja utamu kwake imeharibika, na ndivyo ilivyo kwa simba na chui pia. Basi usipoteze ndizi yako. Chota ndagala, zipashe moto kidogo kwenye kikaango zitoe harufu, weka penye upepo. Weka na nguo uliyoivaa, haijafuliwa. Pua yake inakujua kabla ya macho yake.

Je, wajua unamwitaje ukiulizia sokoni? Salamabila watu wamefuata dhahabu kutoka kila upande, na kila mmoja na jina lake. Kwetu ni paka, na wazee wa Kiswahili husema pia nyau. Kwa Kilingala ni niawu. Mrundi atasema akayabu, Mnyarwanda injangwe, Mganda kkapa, ambalo ukiligeuza silabi unalipata paka lilelile. Mkikuyu naye anasema nyau. Wamisri wa kale walimwita miu. Naona ajabu ya kupendeza kwamba watu waliotengana kwa maelfu ya kilomita na miaka walimwachia mnyama ajitaje mwenyewe.

Je, wajua rangi inaweza kukuambia jinsia? Paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, karibu wote ni majike. Wa rangi ya chungwa pekee, wengi ni madume. Mtu akikujia na habari kwamba amemwona dume la rangi tatu, msikilize, lakini huenda si huyo wako.

Na si kila paka wa michirizi porini ni paka wa mtu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, na paka pori huyo ana ndugu wa damu wanaoishi katika nyika za Afrika mpaka leo. Kisiwani Kupro limechimbuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu amezikwa na paka kando yake. Paka pori wetu ana miguu mirefu na wekundu mgongoni mwa masikio. Ukimwona huyo, mwache aende. Hajapotea, yuko kwake.

Wa kwenu akiwa bado ananyonya, mambo ni mengine. Mama paka huhamisha watoto wake mara kadhaa katika majuma ya kwanza, mmoja mmoja, kwa kuwashika ngozi ya shingo, nao hulegea kimya kama kitambaa. Mfuate mama akitoka kula. Usiwaguse, utamfanya ahame tena.

Je, wajua umri wa Ndagala ndio umri wa kuondoka? Jike anaweza kushika mimba hata kabla ya miezi sita, na dume hufuata baadaye kidogo. Hapo usiku huanza kumwita. Kiswahili kina neno zuri la dume lililokomaa linalozurura vichakani na kupiga kelele juu ya mapaa: shume. Kumhasi dume humpunguzia mzururo na vidonda vya mapigano. Madaktari wa mifugo ni wachache Maniema, na walioko huitiwa ng'ombe na mbuzi kwanza. Hata hivyo akipita mmoja, muulize. Mimi nilisema nitamuuliza mwezi ujao.

Je, wajua paka ana mahali pake katika dini iliyolelewa Kasongo? Uislamu ulifika Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na Kasongo ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, zama za pembe na utumwa, zama ambazo hazina cha kujivunia. Lugha na dini vilibaki, vikawa vya wenyeji. Basi katika vitabu vya hadithi vya Abu Daudi na Malik kuna kisa cha Abu Qatada, swahaba wa Mtume. Alimtembelea mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, naye akammiminia maji ya udhu. Paka akaja kunywa. Abu Qatada hakumfukuza. Alikiinamisha chombo ili paka afikie maji, akamngoja mpaka akatosheka. Alipoona Kabsha anamkodolea macho, akamweleza kwamba Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, naye ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani.

Chombo kinainamishwa. Mzee anangoja. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara ninaona mkono ule.

Swahaba mwingine tunamjua kwa jina la Abu Huraira, maana yake baba wa kapaka. Na iko hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kile kisa kinachopendwa cha Mtume kukata mkono wa kanzu asimwamshe paka aitwaye Muezza hakimo katika vitabu hivyo vya hadithi. Ni masimulizi ya watu.

Methali yetu nayo inasema paka wa nyumba haingwa. Hafukuzwi, ndiyo maana yake, kwa sababu ana haki ya pale alipo.

Paka mweusi anahitaji neno lake. Katika miji mingi ya kwetu bado yuko anayeamini kwamba paka mweusi ametumwa na mchawi, na mawe hurushwa. Weusi ni rangi tu, wanaurithi kwa wazazi kama mtu anavyorithi pua ya babake. Kama paka wako mweusi amepotea, watangulie watoto wa mtaa. Wape jina lake, waambie ni wako, waonyeshe picha kwenye simu. Mtoto anayejua jina la paka hamrushii jiwe.

Je, wajua msafiri Mzungu wa kwanza kuandika kwa kirefu habari za Maniema alikuwa amempoteza mnyama wake njiani? David Livingstone alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane. Januari 1867, wakivuka maji mapana yenye kinamasi katika nchi ambayo leo ni Zambia, kila mtu akidhani mwenzake anamwangalia, mbwa akazama. Alikuwa ameogelea mpaka nguvu zikamwishia. Miaka michache baadaye Livingstone alikaa Kabambare, mgonjwa wa vidonda vya miguu, miezi mingi. Katika daftari alimoandika njaa, homa na mateso ya watumwa, aliandika pia habari za mbwa yule, na bila kuona haya.

Naandika hili kwa sababu nimeulizwa. Jirani mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia: Baba, hapa watu wamekimbia risasi usiku na magodoro kichwani, wewe unalilia paka? Sikumjibu vibaya. Anasema kweli, Salamabila inajua kukimbia. Lakini mimi nimeona, katika kukimbia huko, msichana wa miaka kumi hivi akiwa hana viatu wala mfuko, na mtoto wa paka ndani ya gauni lake, kichwa kimetokeza kwenye kola. Mama yake alimwacha ambebe. Mwenye uchungu wa kiumbe kimoja hajapunguziwa uchungu wa watu. Jirani yule jana usiku alinigongea mlango: alikuwa na toshi.

Herodotus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba katika Misri nyumba ikifiwa na paka, watu wote wa nyumba hiyo walinyoa nyusi. Sisi hatunyoi. Tunaacha tu sahani mahali pake siku nyingi kuliko inavyohitajika.

Je, wajua paka wamerudi kutoka mbali kiasi gani? Mwaka 1922 Francis Herrick, mtaalamu wa wanyama wa Cleveland, Marekani, alieleza jinsi alivyombeba paka mama ndani ya mfuko, akamwacha kilomita kadhaa kutoka walipo watoto wake, naye akarudi, tena na tena. Paka jike aitwaye Holly alipotea Daytona, Florida, mwishoni mwa 2012. Kama miezi miwili baadaye alionekana mjini kwao, West Palm Beach, kilomita zipatazo 300, amekonda, nyayo zimechubuka zinavuja damu. Alitambuliwa kwa chipu iliyokuwa chini ya ngozi yake. Na huko Taiwan, baada ya tetemeko la tarehe 21 Septemba 1999, paka alitolewa kwenye kifusi siku 80 baadaye, yu hai.

Chipu ile ni ndogo kama punje ya mchele, na haionyeshi paka aliko kama wengi wanavyodhani. Ina nambari tu, inayosomwa kwa kifaa. Lakini katika vituo vya wanyama vya Marekani, mwaka 2009 ilionekana kwamba paka wenye chipu walirudishwa kwao 38 hivi katika kila 100, na wasio nayo hawakufika 2. Hapa hatuna kifaa cha kuisomea. Tuna midomo, na redio ya jamii, na mkuu wa avenyu, na mama wauza sombe ambao macho yao hayakosi kitu. Hao ndio chipu yetu.

Je, wajua ukimpata ufanye nini kwanza? Usimrundikie chakula. Paka aliyekaa na njaa siku nyingi ini lake huwa limeelemewa na mafuta. Mpe maji, mpe kidogo, rudia baada ya saa moja, kidogo tena. Mweke chumba kimoja chenye giza. Akiwa amekung'ata au kukukwaruza kwa woga, na hajachanjwa kichaa cha mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa hicho kikishaonyesha dalili hakiponi. Paka hubeba ugonjwa huo kama mbwa. Hili usilipuuze hata kama furaha imekujaa.

Je, wajua paka huunguruma kwa raha tangu siku chache baada ya kuzaliwa, kabla macho hayajafunguka, na kwamba huunguruma pia akiwa na maumivu au hofu? Ukimsikia chini ya ghala akiunguruma, usidhani yu salama. Ingia.

Leo ni usiku wa tisa. Mwezi ni mdogo, hewa imetulia, majani yanasikika. Ndagala ni wa kijivu chenye michirizi, tumbo jeupe. Mguu wa nyuma wa kushoto una soksi nyeupe isiyofika kifundo. Ncha ya mkia imepinda kidogo kulia, alizaliwa hivyo. Sikio la kulia lina pengo dogo, jogoo alimdonoa. Hajui kuruka uzio mrefu. Haji kwa mtu anayesimama, chuchumaa. Gonga kijiko kwenye bati mara mbili, nyamaza, gonga tena mara mbili. Akitokea, usimkimbilie. Kaa hapohapo, tuma mtoto aniite, nitakuja saa yoyote.